Lengo Gumu Humfanya Nini Mtu?

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Msimbati na Msangamkuu hurudi nyuma mbali sana. Tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita meta 3, na mwamba uliokuwa umefunikwa alfajiri huachwa wazi pamoja na vidimbwi vyake, majani yake na matundu ambamo pweza hujificha. Hapo ndipo wanawake wa vijiji vya Ghuba ya Mnazi, hadi karibu na mlango wa Mto Ruvuma, hushuka na vijiti vyao vya kuchokolea pweza. Muda walio nao ni saa mbili au tatu tu, kisha maji hurudi.

Mtazame kwa makini mama aliyeshuka kutafuta pweza mmoja wa kitoweo. Huchokoa hapa, husogea pale, huzungumza na wenzake. Kisha mtazame jirani yake, aliyeweka nia ya kutoondoka mwambani mpaka apate pweza sita, kwa kuwa shule zinafunguliwa Jumatatu na mtoto hana sare. Wote wawili wana nguvu sawa, wanayajua matundu yale yale, na wamepewa na mwezi muda ule ule. Hata hivyo mwendo wa huyu wa pili ni wa haraka, maneno yake ni machache, hapotezi wakati kwenye tundu asiloliamini, na mara kwa mara hugeuka kuutazama mstari wa maji. Kazi ni moja. Kilichotofautiana ni lengo.

Jambo hili laonekana dogo, lakini limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 100. Lengo ni wazo tu. Halina uzito wala joto. Imekuwaje basi wazo likauharakisha moyo, likabadili msukumo wa damu, likayaongoza macho, na wakati mwingine likamwua mtu? Tena imekuwaje lengo gumu likamwinua mmoja na kumvunja mwingine?

Mwili hujiandaa kabla ya kazi

Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Ubongo ukitambua kwamba kazi nzito inakuja, hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi hizo, nazo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo huongeza mapigo, ini huachia sukari iliyokuwa imehifadhiwa, mboni za macho hupanuka, na damu hupunguzwa tumboni ili ipelekwe kwenye misuli. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1915, akayaona kuwa ni maandalizi ya mnyama kupigana au kukimbia. Baadaye kidogo hufuata homoni nyingine ya tezi hizo hizo, kotisoli, ambayo husaidia sukari isipungue katika damu iwapo kazi itarefuka.

La kustaajabisha ni kwamba maandalizi haya hupimwa kama muuza duka apimavyo sukari. Kuanzia miaka ya 1980, wanasaikolojia Jack Brehm na Rex Wright pamoja na wenzao waliwapa watu kazi za kichwa zenye ugumu wa ngazi mbalimbali, huku wakiwapima msukumo wa damu. Kazi ilipokuwa rahisi, msukumo ulipanda kidogo. Ilipokuwa ngumu, ulipanda zaidi. Lakini kazi ilipokuwa haiwezekani kabisa, msukumo ulishuka ukawa kama wa mtu aliyepewa kazi rahisi. Kama tukiuchora mstari wa matokeo hayo, huenda ukipanda polepole kisha huanguka ghafla, mithili ya mwamba wa Msimbati unapokatika na kuingia kilindini. Mwili ni bahili: hutoa nguvu kwa kadiri ya ugumu, na mara tu mtu anapoamini kwamba hawezi, hufunga mkoba.

Pana tofauti nyingine ambayo mtu hawezi kuiona kwa macho. Katika miaka ya 1990, Jim Blascovich na Joe Tomaka walionyesha kwamba watu wawili waliokabiliwa na jaribio lile lile wanaweza kuwa na mioyo inayokwenda mbio sawasawa, ilhali hali ya mishipa yao ya damu si moja. Yule anayejiona kuwa na uwezo wa kulikabili jaribio, moyo wake husukuma damu nyingi zaidi na mishipa yake hulegea ili damu ipite. Yule anayejiona kuwa hana uwezo, moyo wake hupiga kwa kasi lakini mishipa hukaza, na damu inayozunguka haiongezeki sana. Huyu wa pili huchoka bila ya kupata faida. Mwalimu anayesimamia mtihani huwaona wote wawili wakitokwa jasho na hawezi kuwatofautisha.

Kengele ya mzamiaji

Wanawake hutembea juu ya mwamba. Wanaume wengi huzamia nje yake, kwa miwani na pumzi zao wenyewe. Kwao lengo si idadi ya pweza tu bali ni kina, na hapa ndipo tunapoona waziwazi jinsi lengo linavyoweza kuushinda mwili.

Watu wengi hudhani kwamba mzamiaji hutamani kupumua kwa sababu oksijeni imepungua. Sivyo. Kinachomsukuma hasa ni kuongezeka kwa hewa chafu ya kabonidayoksaidi katika damu. Hiyo ndiyo kengele ya mwili, nayo hulia mapema, oksijeni ikiwa bado inatosha. Mzamiaji aliyezoea hujifunza kuivumilia kwa muda. Vilevile uso unapogusa maji mapigo ya moyo hupungua, na damu huondolewa mikononi na miguuni ili ubakie ubongo na moyo na akiba yao. Hadi hapo mwili na lengo husaidiana.

Hatari huingia pale ambapo kijana anayetaka kuwafikia wenzake huvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, akidhani anajaza oksijeni. Oksijeni ya damu ilikuwa karibu imejaa tayari, kwa hiyo anachokifanya ni kuitoa kabonidayoksaidi, yaani ameikata kengele. Sasa anaweza kukaa chini muda mrefu bila ya kusikia haja ya kupumua, naye hufurahi akidhani amekuwa hodari.

Wanafunzi wa fizikia wataelewa kinachofuata. Juu ya maji kanieneo ya hewa ni angahewa 1. Katika kina cha meta 10 ni angahewa 2. Tuseme mzamiaji ametumia oksijeni hata ikabaki sehemu 4 katika kila 100 za hewa iliyomo mapafuni. Akiwa chini, kanieneo ya oksijeni hiyo ni 0.04 × 2, yaani angahewa 0.08, na ubongo wake bado u macho. Sasa anapanda. Anapokaribia uso wa maji kanieneo hupungua nusu, ikawa 0.04, kiasi ambacho ubongo hauwezi kukistahimili. Huzimia akiwa amebakiza meta moja au mbili, mara nyingi bila ya dalili yoyote, na asipokuwapo mtu wa kumkamata huvuta maji badala ya hewa. (Tumeacha kuhesabu mvuke wa maji na oksijeni anayoitumia akipanda, vikihesabiwa hali huwa mbaya zaidi.)

Kwa hiyo mwalimu yeyote wa pwani na awafundishe wanafunzi wake mambo mawili hata kama hayamo katika mtaala: asizamie mtu peke yake, na asivute pumzi za haraka haraka kabla ya kuzama. Aliye juu awe anamtazama aliye chini mpaka apate fahamu na pumzi zake zote.

Lengo linaloonekana

Tuondoke pwani kwa kitambo kidogo, kwa sababu mfano ulio bora kuliko yote nchini mwetu wa lengo linaloongeza nguvu haukutokea baharini. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi aliongoza mbio za meta 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia iliyokuwapo, ya Jim Ryun wa Marekani, ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1, nayo ilikuwa imedumu tangu 1967. Magazeti mengi yalimsifu Bayi, na kwa haki. Lakini mwanasayansi atamtazama pia mtu wa pili. John Walker wa New Zealand alimaliza kwa 3:32.5, naye pia akawa amepita rekodi ya zamani. Siku hiyo mbele yake palikuwa na mgongo wa mtu aliye hai, unaokaribiwa, na kila hatua ilimwambia Walker amepungukiwa na kiasi gani.

Wataalamu wa mazoezi, hasa Tim Noakes wa Afrika Kusini, wameeleza kwamba uchovu si suala la misuli kuishiwa tu. Ubongo huigawa akiba ya mwili kwa kadiri ya umbali uliosalia, ndiyo maana mkimbiaji aliyeonekana kwisha kabisa huweza kuongeza mwendo aonapo utepe. Wapo wataalamu wasioikubali nadharia hiyo yote, lakini mbio za mwisho za mchovu kila mtu amekwisha kuziona.

Pweza wa sita, mgongo wa Bayi na mstari wa maji unaorudi vina jambo moja la pamoja: mhusika anajua wakati wote amefika wapi. Edwin Locke, aliyeanza kuandika juu ya malengo miaka ya 1960, aliona kwamba mtu aliyeambiwa “jitahidi kadiri uwezavyo” hufanya kazi kidogo kuliko aliyepewa lengo gumu na la wazi. Mwenzake Gary Latham, katika utafiti uliochapishwa 1975, aliwachunguza madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Walikuwa wakipakia kiasi cha asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa na sheria, ingawa walihimizwa siku zote wajitahidi. Walipopewa lengo la asilimia 94, upakiaji ulipanda katika miezi iliyofuata hadi kukaribia asilimia 90, bila ya nyongeza ya mshahara.

Atakayesoma matokeo hayo upesi atadhani kwamba dawa ya kila kazi ni kupandisha lengo. Mtwara inao ushahidi wa kumjibu.

Ekari 150,000

Meli kubwa zinazotia nanga Mtwara kuchukua korosho hutumia bandari ya kina kirefu ambayo asili yake ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki chache, kwa sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Zaidi ya nusu ya mashamba yaliyopangwa yangekuwa katika Jimbo la Kusini, na ndiyo sababu ya kujengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Lengo la mwaka wa kwanza, 1947, kuanzia Kongwa, lilikuwa ekari 150,000.

Lilikuwa lengo la wazi, gumu, lenye tarehe. Kwa kipimo cha Locke halikukosa kitu. Hata hivyo zilizopandwa mwaka huo zilikuwa kiasi cha ekari 7,500, yaani ekari moja katika kila 20. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, matrekta yaliyokwisha kutumika kwingineko yaliharibika, na mvua haikunyesha kama ilivyotazamiwa. Mpango ulifutwa Januari 1951, baada ya kugharimu paundi zipatazo milioni 36. Gati za Mtwara zilifunguliwa 1954, karanga zenyewe zikiwa zimekwisha kusahauliwa, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Makosa ya kilimo yamekwisha kuandikwa sana. Hapa tuyatazame makosa ya lengo. Kwanza, lililowekwa London halikuwa limejaribiwa mahali popote. Hapakuwa na shamba dogo la kujifunzia. Pili, kilichohesabiwa ni ekari, kwa hiyo nguvu zote zilikwenda katika kung'oa miti, na swali la kama udongo ule utaotesha karanga likangoja. Tatu, na kwa maoni yangu hili ndilo kubwa, habari za shambani zilipopingana na lengo, zilihesabiwa kuwa ni visingizio. Mzamiaji aliyekata kengele ya mwili wake na wizara iliyokata kengele ya watu wake wa shambani wamefanya kosa la namna moja.

Masasi, 1971

Miaka 20 baada ya karanga kufutwa, mkoa huo huo ulipewa lengo jingine ambalo pia lilionekana haliwezekani. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 ulipoanza, Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka kwisha, na baadaye taifa zima likapewa muda hadi mwisho wa 1975. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma.

Lengo la 1975 halikutimizwa. Ujinga haukufutwa: mwaka huo watu wazima 39 katika kila 100 walikuwa bado. Lakini tutazame namba hizo tena. Kutoka 67 hadi 39 katika miaka minane, na hadi 27 ilipofika 1977, ni mwendo ambao nchi chache zimewahi kuwa nao. Lengo lilikosekana na kazi ikafanyika.

Kilichozitenganisha karanga na kisomo si ukubwa wa lengo. Kisomo kiligawanywa katika vipande ambavyo mtu mzima mwenye jembe begani angeweza kuvimeza: herufi, neno, sentensi, barua. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 uliwapanga wanakisomo katika ngazi nne, kwa hiyo hata aliyekuwa hajafika alijua amefika wapi. Vitabu vyenyewe vilihusu kazi walizozijua, kama vile pamba, migomba na uvuvi. Na mtu aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza hakuhitaji taarifa kutoka wizarani kumwambia kwamba amesonga mbele. Tusisahau kwamba wapo waliosukumwa darasani kwa amri, na wengine walisahau walichojifunza kwa kukosa cha kusoma. Lakini msukumo wa damu wa wengi wao, kama Brehm na Wright wangeupima, naamini ungekuwa upande ule wa mstari unaopanda.

Darasani

Mwalimu wa Kidato cha Kwanza mwenye darasa linaloanza kujifunza kitu kigeni ana tatizo ambalo dereva wa lori hana. Dereva alikwisha kujua kupakia. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa jeshi la anga la Marekani, waliofundishwa kazi ya kuongoza ndege kwa mfano uliowekwa katika kompyuta. Waliopewa lengo gumu la alama mwanzoni kabisa, kabla ya kuelewa kazi, walifanya vibaya. Sehemu ya akili iliyohitajika kwa kujifunza ilikuwa inashughulika kujihesabia alama. Lengo lile lile lilipotolewa baadaye, kazi ikiwa imekwisha kuzoeleka, lilisaidia.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekutana na milinganyo kwa mara ya kwanza asiambiwe apate 80. Aambiwe atafute njia tatu za kuutatua mlinganyo mmoja. Alama zitangoja mpaka mkono uzoee. Nimeona ukutani, katika shule zaidi ya moja, lengo la ufaulu la shule nzima limeandikwa kwa rangi nyekundu hata vyumba vya Kidato cha Kwanza, na nimejiuliza linamfundisha nini mtoto wa miaka 13.

Walimu wanaopenda kulithibitisha somo hili wanaweza kufanya jaribio lisilohitaji chombo chochote isipokuwa saa yenye mshale wa sekunde. Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja atulie dakika tano, kisha mwenzake amhesabie mapigo ya mshipa wa mkononi kwa sekunde 30 na kuzidisha kwa 2. Ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100, moja moja, kwa dakika moja, apimwe. Apumzike. Atoe 7 mfululizo kutoka 1,000, apimwe. Apumzike tena. Mwisho atoe 17 mfululizo kutoka 9,643, jibu moja kila sekunde, na akikosea aanze upya, apimwe. Kazi zote zifanywe kwa sauti, kwa sababu kusema peke yake huongeza mapigo, na anayenyamaza katika zoezi moja tu ataharibu ulinganisho. Mwenye maradhi ya moyo asishiriki. Mapigo si kipimo kamili kama msukumo wa damu, lakini yatatosha kwa darasa.

Katika zoezi la pili wengi watapanda. Katika la tatu darasa hugawanyika: wengine mapigo yao hupanda zaidi, na wengine hushuka hata chini ya yale ya zoezi la pili. Kila mwanafunzi aandike pembeni mwa namba zake, kwa uaminifu, ni katika jibu la ngapi alipoacha kujaribu.